Mguu wa Kapteni Grant na Maji Moto ya Mtagata

Mwishoni mwa mwezi wa Novemba 1861, ufalme wa Karagwe ulipokuwa bado na haiba yake kamili baina ya falme za magharibi ya Ziwa Nyanza, na Omukama Rumanyika akiwa ametulia katika makao yake ya Bweranyange baada ya kushindania kiti na ndugu yake Rogero, waliwasili barazani pake Waingereza wawili, John Hanning Speke na Kapteni James Augustus Grant, pamoja na wapagazi wao na watu wa Unguja walioandamana nao tangu pwani. Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu ambao wote wawili waliusifu vitabuni mwao. Waandishi wa historia wamezoea kumfuata Speke, ambaye Januari iliyofuata alishika njia ya Buganda kwenda kutafuta chimbuko la Nili. Mimi nitabaki nyuma pamoja na Grant, aliyeshindwa hata kusimama kwa maradhi ya mguu, akalazwa kibandani juu ya lile ziwa walilolipa jina la Windermere, kwa sababu aliyoyaandika mgonjwa huyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1864 yatuonyesha, kwa macho ya mtu aliyekuwa akiteseka, jinsi Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, walivyomshika mwenye maumivu. Na habari hiyo ya mkono, joto na pumzi katika kuuguza mwili wa binadamu ina thamani kubwa kuliko tunavyoikadiria siku hizi.

Maradhi yenyewe yaliushika mguu wa kuume kuanzia juu ya goti. Mguu ulivimba hata ukapoteza umbo lake, ukakaa hivyo mwezi mzima pasipo mtu kujua sababu. Kisha ukapasuliwa, usaha mwingi ukatoka, akapata nafuu ya muda mfupi tu, na kwa miezi mitatu majipu yakawa yakifuatana, goti likakakamaa na kujikunja, na kutembea kukawa muhali. Kila siku Grant aliukamua mguu wake kwa mikono yake mwenyewe ili kutoa uchafu uliojikusanya ndani. Watu waliokuwa karibu naye walimhurumia, na kila mmoja alikuwa na rai yake. Baraka, mmoja wa wale watu wa Unguja, alisadiki kwamba ni nyoka aliyemtemea mate. Bombay, yule Sidi Mubarak ambaye baadaye alisafiri pia na Stanley na Cameron, alikuwa amesikia habari za dawa ya kubandika iliyochanganywa kwa mavi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani; ikatengenezwa, ikabandikwa ingali moto, wala Grant hakuona faida yake ila mbano kama wa bendeji iliyokazwa.

Ndipo Nnanaji, nduguye Omukama, ambaye alikuwa na sifa ya utabibu, aliposema kwamba maradhi hayo anayafahamu vizuri na kwamba atamleta mtu wa kuyatibu. Aliyekuja hakuwa na makuu: mkulima wa Kinyambo, mpole wa tabia, amefuatana na mkewe kijana. Grant asimulia kwamba mtu yule aliuchunguza mguu kwa mguso laini kama wa mwanamke, akachanja ngozi kwa kisu kidogo, akawaamuru watazamaji wote watoke nje. Kisha mkewe akafungua jani la mgomba lililoviringishwa, ndani yake mna dawa nyeusi, ikaloweshwa kwa mate na kusuguliwa katika zile chale zilizokuwa zikivuja damu, na mwisho kijiwe cha volkano kikafungwa kifundoni kama hirizi.

Chale zile sizitetei, wala mate yale, maana twajua leo ni maradhi mangapi hupita katika mlango wa namna hiyo. Ila nasimama kidogo penye mambo mawili ambayo Grant hakuyapa uzito, ingawa aliyaona hata akayaandika: mguso wa yule tabibu, na ile amri ya kuwatoa watu nje. Kibanda cha mgeni aliye mgonjwa, katika nchi ambayo ngozi nyeupe ilikuwa ajabu, bila shaka kilikuwa na macho mengi mlangoni. Na mtu mwenye maumivu anayetazamwa hawezi kuulegeza mwili wake. Mabega humpanda, meno humuumana, na pumzi yake huwa fupi, ya kifua cha juu tu, yenye kukatika kila ajapo mtu kumgusa. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi baina ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwenye uchungu hupita hesabu hiyo, na kadiri pumzi inavyokwenda mbio ndivyo misuli inavyokaza, na misuli ikikaza uchungu nao huongezeka, hata mgonjwa akawa amezungukwa na maradhi mawili, lile la mguuni na lile la kujikaza kwake mwenyewe. Tabibu aliyetaka faragha, kisha akaushika mguu polepole kabla ya kutenda lolote, alianza na hilo la pili.

Jambo hili elimu ya mwili imelieleza sana tangu siku zile. Baina ya kifua na tumbo upo msuli mpana uitwao kiwambo, nao ushukapo hujaza mapafu hewa mpaka chini na kulisukuma tumbo mbele, kama ionekanavyo kwa mtoto mchanga aliyelala chali. Mtu apumuapo hivyo kwa utaratibu, na hasa akiirefusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia, mapigo ya moyo hupungua kasi, kwa kuwa ile neva kubwa ishukayo kutoka ubongoni hata kifuani na tumboni, waiitayo vagasi, ndiyo yenye kazi ya kuutuliza moyo na kulirudisha tumbo katika shughuli yake, na hupata nguvu zaidi wakati wa pumzi itokayo. Waliochunguza habari hizi wameona kwamba watu wengi hupata utulivu mkubwa kabisa wanapopumua mara 6 hivi kwa dakika. Mkono nao hufanya kazi iliyo karibu na hiyo: ukandapo misuli iliyokaza huilegeza, na ngozi iguswapo kwa taratibu hupeleka ubongoni habari zinazoshindana na habari za uchungu, hata ukali wake ukapungua. Hayo yote hayaui kijidudu hata kimoja, lakini humpa mgonjwa usingizi, na asiyelala hana akiba ya nguvu za kupigania uhai wake.

Grant aliendelea kuugua. Kufikia mwezi wa tano wa ugonjwa wake maradhi yakawa yamechoka yenyewe, akaweza kutolewa nje ya kibanda; na katika kitabu chake furaha aliyoitaja ya siku hiyo ilikuwa ya kuivuta hewa tamu na kuona tena ziwa na vilima vilivyo chini yake. Mtu aliyepata kulala miezi mingi ndani ya nyumba yenye moshi wa kuni atamwelewa bila kuelezwa. Katikati ya Aprili 1862 alichukuliwa kwa machela kuelekea Buganda, akamkuta Speke akiwa bado na kilema cha goti, na Februari ya 1863 aliingia Gondokoro akitembea kwa miguu yake.

Sasa yafaa niseme maradhi yale yalikuwa nini, maana hapo ndipo habari ya Bombay na tope lake la moto inapopata maana ambayo mwenyewe hakuijua. Madaktari waliosoma maelezo ya Grant wameona kwamba yalikuwa karibu kwa yakini donda la Buruli, lile linaloanza kwa uvimbe mkubwa, nayo huhesabiwa kuwa maelezo ya kwanza ya maradhi hayo yaliyoandikwa popote duniani. Jina limetokana na wilaya ya Buruli, Uganda, ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960, ila bakteria wake alikwisha kuelezwa huko Australia mwaka 1948. Bakteria huyo ana udhaifu mmoja: hupenda ubaridi. Hustawi katika joto la nyuzi 30 hadi 33 za Selsiasi, ambalo ndilo joto la ngozi ya miguu na mikono, na huteseka joto likizidi hapo. Mwaka 1974 Wayne Meyers na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Zaire, walieleza jinsi walivyowatibu wagonjwa kwa kuliweka donda katika joto la nyuzi 40 kwa muda mrefu, likapona bila kukatwa nyama. Na baadaye huko Kamerun matabibu wakarudia kazi hiyo kwa mifuko ya chumvi ihifadhiyo joto, wakafanikiwa. Leo dawa yake ni vidonge vya rifampisini na klarithromaisini kwa wiki nane, na pamoja navyo kiungo hunyoshwa na kufanyishwa mazoezi kila siku ili kovu lisikifunge, maana goti la Grant lilijikunja kwa kukosa hayo kama lilivyojikunja kwa maradhi yenyewe. Bombay, kwa hiyo, alikuwa na rai njema, ila dawa yake ilipoa upesi. Joto lililotakikana lilikuwa joto la kukaa, la saa nyingi, siku baada ya siku.

Na joto la namna hiyo lilikuwapo ndani ya Karagwe ile ile, upande wa kaskazini, katika nchi ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa wilaya ya Kyerwa.

Henry Morton Stanley alifika kwa Rumanyika mapema mwaka 1876, akiwa na mashua yake ya vipande, na baada ya kuzungukazunguka katika maziwa ya mto Kagera akaenda kuzitazama chemchemi za Mtagata, ambazo sifa yake ya kuponya ilikuwa imeenea mbali. Alikuta bonde jembamba lenye miti mirefu na vichaka vilivyosongamana, nyani na tumbili wakipiga kelele juu yake, na chini maji yakitoka katika shina la kilima cha mawe. Wagonjwa walikuwa wengi. Wanaume kwa wanawake walijilaza katika mabeseni ya mawe, nusu wamelala usingizi, miili yao yenye upele na vidonda ikifukutwa na maji yenye mvuke. Stanley alitia kipimajoto katika maji ya moto kuliko yote, akapata nyuzi ambazo kwa hesabu yetu ya leo ni 54. Akapima na chemchemi nne nyingine, zilizokuwa zikibubujika kupitia tope jeusi, akapata nyuzi 43. Akaandika kwamba hizi za pili ndizo wenyeji walizozipenda zaidi, na ndizo zilizobeba sifa yote ya Mtagata.

Hapo nastaajabia hekima ya watu ambao hawakuwa na kipimajoto. Maji ya nyuzi 54 huunguza ngozi kwa muda wa nusu dakika hivi. Maji ya nyuzi 43 ni ya moto, yana ukali wake mtu aingiapo, lakini huvumilika. Humo mishipa ya damu hupanuka, viungo vilivyokakamaa hulegea, na mvuke huyeyusha makohozi ya mtu aliyebanwa na kifua. Na mtu akijilaza kwa utulivu, shingo juu ya jiwe, pumzi yake hushuka yenyewe mpaka tumboni bila kufundishwa. Wanyambo na jirani zao walikuwa wamechagua, kwa tajiriba ya vizazi, ile nyuzi ambayo mwili waweza kukaa nayo. Nani ajuaye ni vidonda vingapi vya namna ya kile cha Grant vilivyopata nafuu katika maji yale, ilhali Grant mwenyewe alilala Bweranyange kwa miezi yote ile, kusini ya mahali hapo!

Stanley, lakini, hakuvutiwa. Alikaa siku tatu, akajiogea katika chemchemi aliyotengewa peke yake, akanywa maji mengi, akasema hakupata faida ila usafi wa mwili. Akachukua chupa moja hata London, ikapimwa, yakaonekana ni maji yenye magadi kidogo, hayana dawa yoyote ya ajabu. Basi kwake yakawa yamekwisha, na wengi waliomsoma wameridhika na hukumu hiyo. Mimi siwezi kuridhika nayo, kwa kuwa kilichotiwa katika chupa kilikuwa maji yaliyopoa, na mtu aliyetoa hukumu alikuwa mzima wa afya, mwenye haraka, aliyeoga peke yake. Joto halikuingia chupani. Wala siku nyingi ambazo mgonjwa alizikaa bondeni ameachana na jembe na mzigo. Wala mkono wa mama au ndugu aliyemsindikiza, akamshika kumwingiza majini na kumtoa.

Siku zile zile, huko Kafuro, karibu na makao ya Omukama, walikaa wafanyabiashara wa Kiarabu, na miongoni mwao Hamed bin Ibrahim, aliyemkaribisha Stanley kwa taadhima. Watu wa namna yake walitoka katika desturi iliyoyafahamu vema mambo haya. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa amekwisha kuandika katika kitabu chake cha tiba, al-Qanun, habari za kusugua mwili, akapambanua kusugua kwa nguvu, ambako hukaza viungo, na kusugua kwa ulaini, ambako huvilegeza, akataja na hamamu na hewa safi na usingizi kuwa katika nguzo za siha. Katika pwani ya Waswahili mzazi alikandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua, na bibi arusi akasingwa kwa singo mpaka ngozi yake ikang'aa. Na katika Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alijenga hamamu ambayo mtaa mzima umepata jina lake. Kama Hamed bin Ibrahim alipata kushuka katika bonde la Mtagata, angaliona jambo alilolijua tangu utoto wake, likitendeka bila dari wala vigae.

Wala Karagwe yenyewe haikukosa mafuta ya kukandia. Ilikuwa nchi ya ng'ombe, na siagi ilitumika kupaka mwili kama mafuta ya nazi yatumikavyo pwani. Anayejua kukanda huipasha kwanza baina ya viganja mpaka iyeyuke. Kisha, mguu umeinuliwa juu ya paja lake, huanza kwenye kifundo na kupandisha gumba polepole kuelekea goti, asirudi chini kwa nguvu, kwa kuwa damu ya mguuni ina safari ya kupanda na mishipa irudishayo damu ina vilango vinavyofungukia juu. Humsikiliza anayekandwa. Pumzi ikikatika, mkono husimama. Ikishuka, mkono huendelea. Katika kazi hii sijui kipimo kingine kilicho cha kweli zaidi kuliko hicho.

Miaka iliyofuata ziara ile ya Stanley ilikuwa migumu. Sotoka iliua ng'ombe, ndui na vita vikapunguza watu, Wajerumani wakajenga boma Bukoba mwaka 1890, na ufalme wa Karagwe ukadhoofika hata usijulikane tena na wageni kama alivyoujua Speke. Stanley alipita tena Mtagata mwaka 1889, akirudi na Emin Pasha, tabibu kwa elimu yake, na msafara uliojaa watu wenye homa. Kisha zikaja hospitali za misheni, nami nazishukuru kwa moyo wote, kwa kuwa ziliokoa wazazi na watoto ambao hakuna maji ya moto yangaliwaokoa; lakini pamoja na kheri hiyo ilikuja dhana kwamba tiba ni kile kilichomo ndani ya chupa na sindano tu, na kwamba kumkanda mgonjwa, kumfundisha kupumua na kukaa naye ni kazi ya bibi asiyesoma. Dhana hiyo ilitudhuru. Ilidhuru zaidi ukimwi ulipoingia mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, maana kwa miaka mingi dawa haikuwapo, na watu walioogopa kugusa waliwaacha ndugu zao wakifa pasipo hata mkono mgongoni. Waliogusa, wakaosha, wakageuza na kukanda, walitoa tiba pekee iliyokuwapo.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga wa asili mahali pao na baraza la kuwasimamia. Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima ikarudia nyungu, na majani yakachemshwa Kayanga, mjini kwa Karagwe, kama yalivyochemshwa Dar es Salaam. Mvuke haukuua virusi, na aliyeutegemea akaacha hospitali alijidhuru. Ila shuka lililofunika kichwa lilimlazimisha mtu kuketi na kuvuta pumzi pole pole katikati ya hofu kubwa, na nafuu ya hofu aliyoipata haikuwa ya uongo.

Mtagata pangali pale. Watu wa Kyerwa na Karagwe huenda, na wa Uganda na Rwanda huvuka kuja, na Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, iliyotangazwa mwaka 2019, imeongeza wageni katika wilaya ile. Ningetamani mamlaka ya wilaya ipafanyie mambo machache yasiyo na gharama: kipimajoto kilichowekwa wazi katika kila chemchemi, beseni mbali kwa wenye vidonda na mbali kwa wazima, na muuguzi wa kuwazuia wajawazito na wenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu wasizame katika maji ya nyuzi 43. Muuguzi huyo autazame pia kila mguu uliovimba. Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu ya ndani, usikandwe kamwe, kwa kuwa huenda damu imeganda katika mshipa, na kidonge cha damu kikisukumwa kwa gumba chaweza kupanda hata mapafuni na kuua. Na uvimbe mgumu usiouma, utokao polepole na kuchimbika, upelekwe hospitali ya Nyakahanga au ya Isingiro ungali mdogo, kabla goti halijaanza kujikunja.